Huko juu saa ngapi?

Jana usiku nimefuta kurasa kumi na moja za hadithi yangu. Mjukuu wangu ndiye aliyezisoma kwanza, kajilaza mkekani barazani, na alipomaliza akanipa bila kuzunguka: "Babu, humu hamna watu. Mna saa tu."

Kasema kweli. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu pale kituoni Ngomeni, pwani ya Kenya, ilikuwa kusubiri setilaiti ipite na kuandika daftarini: ishara imeingia saa fulani, dakika fulani, sekunde fulani, ishara imekatika. Hakuna aliyetaka kujua kama nilikuwa na njaa. Sasa nimestaafu, nimejitia kutunga hadithi za sayansi, na mkono haujui kuwa daftari lilifungwa.

Saa zenyewe, lakini, zina kisa. Usiku wa 25 Machi 1988, roketi ya Scout ya mwisho iliporuka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi pale baharini, saa ya ukutani, ya Greenwich, iliyo saa tatu nyuma yetu, ilisema 19:50. Yangu ya mkononi ilisema saa nne na dakika hamsini. Mama alikuwa ufuoni na kanga yake kichwani, na mpaka anaingia kaburini alisimulia kwamba mbingu iliwaka "watu washalala". Sote watatu tulipatia.

Roketi iliyobeba setilaiti ya Uhuru niliiona nikiwa na miaka minane. 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, mchana kweupe; ndiyo maana Wamarekani wakaipa setilaiti yao jina hilo. Moshi kwanza, kisha kimya, kisha ngurumo, na kuku wa bibi wote chini ya uchaga. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kuwa kile chombo kilitafuta miale ya eksirei angani, kikaorodhesha vyanzo 339, kimojawapo Cygnus X-1, ambacho wataalamu walikuja kukihesabu miongoni mwa mashimo meusi. Sisi tulikuwa tunawatafuta kuku.

Basi, katika hadithi yangu, binti wa mvuvi wa Ngomeni anaishi angani kwenye njia kama ile ya Uhuru, kilomita 560 hivi juu ya ikweta, mzunguko mmoja dakika 96. Hapo ndipo nilipokwama. Saa zetu zinaanzia kwenye jua: likishachomoza, ni saa moja. Huyu jua linamchomozea mara kumi na tano kwa siku. Akisema "tuonane saa moja", ni ipi? Anayeandika kwa Kiingereza hapati taabu hii, na namwonea huruma, maana taabu hii ni tamu.

Dawa nimeipata kwa mwanaanga Mmalaysia, Sheikh Muszaphar Shukor. Aliporuka mwaka 2007 kutoka Baikonur, kituo cha roketi kule Kazakhstan, wanazuoni wa kwao walimwelekeza aswali kwa kufuata saa za mahali alipoondokea. Nikasema, huyu wangu naye afuate Ngomeni.

Leo alfajiri nimeanza upya, mistari sita tu. Binti anapita gizani juu ya Ghuba ya Ungwana, anatafuta karabai za wavuvi. Saa yake ya mkononi, ya bei rahisi, inasema saa kumi na moja kasorobo: baba sasa anasukuma mashua majini, maji yamemfika magotini, na kama kawaida anailaumu mashua. Jua linampiga binti usoni. (Hesabu nimeipiga: pale alipo jua humfikia kama saa moja u nusu kabla ya kufika kwetu. Tabia haiishi.) Anaitazama saa tena, anafunga pazia. Bado ni usiku.

Mjukuu kaisoma amesimama, begi la shule begani.

"Na huyo baba anaitwa nani?"

Nimemwambia anisubiri mpaka jioni.