Wenye Madai Wajitokeze

Khocha, mjomba wangu, alisema neno Jumamosi na hadi usiku huu halijanitoka. Nimeingia nalo darasani, nimesonga nalo ugali, nimelala nalo. Sasa nyumba imenyamaza na bwana wa nyumba yuko zamu, acha niliandike, pengine litatulia.

Mnajua nilikuwa nimefika wapi na Bwana Kengele, yule Mzungu wa shambani aliyemzaa kukhu, bibi yangu. Kipimo cha vinasaba kilituunganisha na yule mama wa Norwich, Uingereza, ambaye bibi yake na mzee wetu ni ndugu wa tumbo moja. Jina kamili tukalipata (hapa nitaendelea kumwita kama walivyomwita watu wa shambani, maana jamaa zake wa kule wako hai). Orodha za abiria zinazotunzwa Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, zikatuonyesha kwamba alipanda meli ya Mombasa mwaka wa 1924. Faili yake ya jeshi haipo. Iliungua London mwaka wa 1940, ghala lilipopigwa bomu, pamoja na faili za askari wengi mno wa vita vya kwanza. Kilichobaki ni mwisho wake. Kukhu alituambia tu kwamba baba yake aliondoka yeye akiwa bado anatambaa, na hakurudi.

Mwisho huo nimeupata kwenye gazeti rasmi la serikali ya koloni, la mwaka wa 1935. Matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni na yeyote anaweza kuyapekua, mradi awe na subira, maana kurasa zimefifia. Katikati ya matangazo ya viwanja na ya magonjwa ya mifugo kuna mistari michache: fulani, mtafuta dhahabu, wa Kakamega, amefariki, wenye madai yoyote juu ya mali yake wayawasilishe kabla ya tarehe iliyotajwa, la sivyo mali itagawanywa bila wao.

Kakamega! Nilipiga kelele hadi Mziwanda akaja mbio akidhani ni nyoka. Hapo ndipo kila kitu kilipokaa mahali pake. Nzige waliitesa nchi hii kuanzia 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya thelathini, bei ya mahindi ikaanguka dunia nzima, na mwaka wa 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu waliokuwa wamefilisika wakaacha plau, wakaenda kuchekecha mchanga wa mito. Na kukhu aliitwa Nasike. Hakuna Mbukusu wa kuambiwa kwamba Nasike ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa nzige wakiwa wametua. Amezaliwa na nzige, baba akafuata dhahabu, na miaka minne baadaye baba akafa. Karatasi ya serikali na jina la kukhu vilikuwa vinasema jambo moja, na mimi nilikuwa wa kwanza kuviweka pamoja.

Nikalichapisha tangazo, nikapanda bodaboda hadi kwa khocha, Kiminini. Nilitaka alipokee mkononi. Huyu ni mwana wa Nasike. Bwana Kengele ni babu yake yeye kabla ya kuwa wangu wa mbali. Nilimkuta chini ya mparachichi na kikombe cha chai, nikamsomea kwa Kiswahili, taratibu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hapo wamesema wenye madai wajitokeze?"

"Ndiyo, khocha."

"Na sisi tulijitokeza?"

"Kukhu alikuwa na miaka minne."

"Nimeuliza kama tulijitokeza, mwalimu."

"Hapana."

"Basi tujitokeze sasa."

Nikamwambia muda ulikwisha zamani, kwamba hata hakukuwa na mali ya maana, na kwamba mimi sikuwa natafuta mali. "Nataka kumjua tu, khocha. Alikuwa nani, alitoka wapi."

Akaipuliza chai yake, akanywa, akamtazama ng'ombe aliyefungwa pale uani. "Kujua tu," akasema. "Kujua tu ni kwa waliokwisha kupata pa kulima."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Hayo ndiyo yote. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Angenifokea ningekuwa nimeshasahau. Wiki hii barua ya kupandishwa daraja, niliyoingojea tangu Mziwanda hajazaliwa, imefika, upepo umeezua madarasa mawili na watoto wanasomea chini ya mti, tumemzika mzee wa jirani; yote yamepita mbele yangu kama magari barabarani, na mimi bado niko chini ya mparachichi nasikia "kujua tu".

Kila nikilirudia nampa jibu jipya. Jibu la Jumapili lilikuwa la sheria. Ningemwambia: khocha, hata angalikuwa na shamba, lile halikuwa shamba la kurithiwa na mtoto wa Nasike. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999. Mtu anaandikiwa karibu miaka elfu moja juu ya udongo alioukuta una watu! Na kwenye udongo huohuo, baba wa mama yake Nasike alikuwa skwota. Kwa sheria ya 1918 alipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, ndipo aruhusiwe kulima kipande chake na kuchunga ng'ombe wake. Kipande kingine, kile cha kitambulisho ndani ya kikopo cha chuma, kilining'inia shingoni na alama za vidole vyake ndani. Mmoja miaka 999, mwingine siku 180. Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 65, imezikata zile 999 zikawa 99 kwa asiye raia, nami nilifurahi siku ile, lakini mtu aliyezikwa na kipande chake hakuiona.

Jibu la Jumatatu lilikuwa fupi zaidi: shamba halikuwa lake. Kwenye orodha ya wapiga kura Wazungu, kazi yake imeandikwa meneja. Mwenye shamba alikuwa afisa wa jeshi aliyepata ekari zake kwenye mpango wa kuwapa ardhi askari wa vita vya kwanza, ule wa 1919 ambao majina yaliokotwa kwa bahati nasibu ndani ya Theatre Royal, Nairobi. Bwana Kengele alikuwa mwajiriwa. Alilala kwenye nyumba ya bati ya kazi, akaamka kabla ya jua, akagonga kile kipande cha reli kilichoning'inia mkuyuni, na watu wa laini, vile vibanda vya wafanyakazi wa shamba, wakatoka na majembe. Jina alilopewa linatoka hapo.

Jibu la Jumanne sikuweza kulimaliza, kwa sababu nilikumbuka alipo khocha. Amezaliwa kwenye laini za shamba lile. Baada ya uhuru baba yake alichanga na wenzake kwenye kampuni ya kununua mashamba, wakagawana, wakapata ekari tano. Leo khocha analima robo tatu ya ekari. Nyingine zilikwenda moja moja: hospitali, mahari, karo. Ekari moja ilikwenda chuo cha ualimu, ikaniingiza mimi darasani na chaki mkononi. Kwa hiyo anaponiambia kujua tu ni kwa waliokwisha kupata pa kulima, ana haki ya kuliweka neno hilo mezani pangu kuliko mtu mwingine yeyote niliyewahi kukaa naye. Mimi kujua kwangu kote, hata huku kupekua magazeti ya 1935, kumetoka kwenye ardhi yake.

Na bado nataka kujua. Hilo ndilo linalonichoma. Sitaki kuacha.

Basi Jumatano usiku, barua ya kupanda daraja ikiwa bado mezani haijawekwa hata kwenye faili, ujumbe wa mama wa Norwich ukaingia. Ameniletea picha ya fomu ya sensa ya Uingereza ya 1911. Uzuri wa sensa ile ni kwamba fomu walizojaza wenye nyumba wenyewe zimetunzwa, kwa hiyo yale si maandishi ya karani. Ni mkono wa baba yake Bwana Kengele. Mwandiko mzito, wa mtu ambaye kalamu haikuwa chombo chake cha kila siku. Walitakiwa kutaja watoto waliozaliwa katika ndoa, walio hai, na waliokufa, naye ameandika tisa, sita, watatu. Chini ya kazi: mtunza farasi, shambani. Mwanawe wa miaka kumi na minne, ambaye ni huyu wetu: kibarua, shambani.

Kibarua!

Nilicheka peke yangu jikoni. Miaka yote tumekuwa tukimtaja kwa sauti ya chini, mtoto wa mabwana, labda wa ukoo mkubwa, labda wa jumba. Kukhu mwenyewe aliamini hivyo. Kumbe ni mtoto wa kijiji cha Norfolk, babaye hakuwa na hata upana wa shuka wa ardhi. Mama wa Norwich anaeleza kwamba nyumba waliyoishi haikuwa yao. Ilikuwa ya mwenye shamba, ilikwenda pamoja na kazi. Ukiugua, ukizeeka, ukigombana na bwana, kazi imekwisha na nyumba imekwisha, unatoka na watoto na sufuria. Mwaka wa 1921 serikali yao ikaifuta sheria iliyolinda bei ya nafaka na mishahara ya vibarua, malipo yakaporomoka, na mwaka wa 1923 vibarua wa Norfolk wakagoma. Walipigania angalau shilingi 25 kwa wiki. Mwaka uliofuata kijana wetu yuko melini. Wakati ule Kilindini hapakuwa bado na gati la meli kubwa, abiria walishushwa kwa mashua; wala reli haikuwa imefika Kitale, ilifika 1926.

Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, kama saa moja hivi. Nilimpenda yule baba na tisa, sita, watatu wake. Nilitaka kumpigia khocha usiku uleule nimwambie: khocha, ni watu wa laini, kama sisi.

Kisha furaha ikageuka hasira, na hasira hii si ya khocha tena. Maana alijua. Yule kijana alijua nyumba ya kazi ni nini. Alijua mama anapokea vipi habari kwamba kabla ya wiki kwisha watoke. Alikua akiamshwa alfajiri na mtu mwingine aende kwenye farasi wa mtu mwingine. Halafu akavuka bahari, akapewa kipande cha reli na nyundo, na akaamsha watu ambao nyumba zao hazikuwa zao, ambao wangetolewa kwa neno lake yeye. Afisa mwenye shamba angeweza kusema hakujua maisha hayo. Huyu hakuweza. Na binti wa skwota aliyekuwa akifua nguo zake alikuwa na miaka kumi na sita. Kukhu alilisema hilo kwangu siku moja tu, tukichambua maharagwe, akasema "alikuwa bwana, na mama yangu alikuwa na miaka kumi na sita," akaendelea kuchambua. Sikuandika hapa wakati ule. Nimeandika sasa.

Sijui kama jamaa wa Norwich wako tayari kusikia hilo. Yule mama ni mwema, ananiandikia kwa upole, aliniuliza tunamkumbuka kwa lipi. Nitamjibu ukweli, na nitaanza na jina la Nasike, kisha umri wa mama yake, kisha kengele. Amenipa mwandiko wa baba wa bibi yake. Haki yake ni kupata kilicho chetu kikiwa kizima.

Na khocha nitamrudia Jumamosi. Fomu ya 1911 nitaichapisha kubwa, maana macho yake siku hizi hayashiki maandishi madogo. Nitamwonyesha ile "kibarua". Sitamwambia kwamba kujua kuna faida, hapana, wala sitabishana naye kuhusu shamba. Tangazo la 1935 lilitaka wenye madai na sisi ni wenye madai, hapo hakukosea hata kidogo: mtoto wa miaka minne alikuwa safari ya siku chache kwa miguu kutoka mahali lilipohusu, na likatangazwa kwa Kiingereza, kwenye gazeti ambalo hakuna skwota aliyelishika. Nitamwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Pia nitampelekea dawa ya kupe, ng'ombe wake alikuwa na masikio yamejaa.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini moyo hauko sawa kwa sababu nyingine. Kifungua Mimba hakupiga simu Jumapili. Shuleni kwao wanapanga foleni kwenye simu ya matroni, na baada ya ibada huwa hakosi, hata kama ni kuomba sabuni tu. Mara ya mwisho alisema kifua kinambana usiku, nami nikamwambia avae sweta na asinywe maji ya baridi. Simu ya matroni tangu juzi inaita bila kupokelewa, leo imezimwa kabisa. Bwana wa nyumba anasema ni mvua, minara huku imekuwa ikipotea. Labda. Kesho nitajaribu tena kabla ya kipindi cha kwanza, na nisipompata nitamwomba mwalimu mkuu ruhusa, Mziwanda abaki kwa jirani, niende mwenyewe na inhela ya akiba.