Nusu kidonge, Jumatatu na Alhamisi

Dawa ya kumeza mara mbili kwa wiki ina kero yake: kuisahau. Ya kila siku mkono unaizoea wenyewe. Mimi kinachonikumbusha ni jirani yangu, anayefunga suna Jumatatu na Alhamisi. Harufu ya futari yake ikipita dirishani jioni, najua leo ni zamu ya kabergolini, dawa ya kushusha homoni ya maziwa iliyozidi.

Kidonge chenyewe ni cha miligramu 0.5, kidogo kweli, na nilianza na nusu. Kina mstari katikati. Nakilaza kwenye ubao wa kukatia vitunguu na kukibonyeza kwa kisu. Nikiharakisha, kipande kinarukia chini ya kabati nami napiga magoti kukitafuta, maana bei yake si ya kuacha kitu sakafuni. Namega kile cha zamu ile tu, vingine vinabaki kwenye chupa yao, kwa sababu dawa hii haipendi unyevu na hapa Kirumba, Mwanza, unyevu hatuununui. Namezea juu ya ugali na sato, wakati wa kulala. Tumbo tupu ni kichefuchefu, na ukiinuka ghafla kizunguzungu kinakuketisha. Mwanzoni nilikuwa natoka kwenda uani huku nimeshika ukuta.

Siku zangu zilikuwa zimekoma. Kipimo cha mimba hakikuonyesha kitu, ila maziwa yakawa yananitoka ilhali mwanangu yuko darasa la pili. Mama mkwe alishasema ni mkono wa mtu. Damu ndiyo iliyosema prolaktini: homoni ya maziwa, inayotolewa na tezi ya pituitari chini ya ubongo. Ikizidi, inazima ishara zinazoamsha mayai, hedhi inapotea. Kinachoizuia isizidi ni dopamini, na kabergolini inafanya kazi ya dopamini. Bromokriptini nayo ni ya ukoo huohuo, ya zamani zaidi, ila hiyo humezwa kila siku na wengi inawachafua tumbo.

Kipimo nilirudia. Nilikuwa nimepanda kilima cha Bugando kwa miguu, nahema, na sindano naiogopa tangu utotoni. Dada wa maabara akanitazama, akasema, "Mama, kaa kwanza, upoe." Hofu na kuchoka vyote hupandisha prolaktini kidogo, kwa hiyo namba moja iliyozidi haitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Yangu ilibaki juu hata nilipopoa. Picha ya MRI ikaonyesha kivimbe kwenye tezi hiyo ya pituitari, kisichofika milimita 10, kisicho saratani.

Kabla ya picha, daktari aliniuliza swali ambalo naona lingetangulia kila mahali: unameza nini? Metoklopramidi na domperidoni za kutapika hupandisha prolaktini. Haloperidoli na risperidoni za maradhi ya akili vilevile, hata metildopa wanayopewa wajawazito wenye presha. (Usiziache kwa kichwa chako, mwambie aliyekuandikia.) Akapima na thairoidi, tezi ya shingoni, kwa kuwa ikilegea prolaktini nayo hupanda, na hapo dawa ni ya thairoidi. Akapima figo pia.

Sasa virutubisho. Shangazi alikuja kutoka Magu na uwatu, akataka niukoroge kwenye uji. Shangazi yangu, uwatu ndio wanaopewa wazazi ili maziwa yaongezeke! Nikampokea kwa mikono miwili, nikauweka kabatini. Mwuzaji wa mtandaoni naye alikuwa na vidonge vya vitex, akidai ni mfudu wetu huuhuu. Ni ndugu wa mfudu, si wenyewe. Huo wake unatoka pande za Mediterania. Inaonekana unagusa njia ya dopamini, na huenda ukamsaidia mwenye prolaktini iliyopanda kidogo tu, lakini kivimbe hausinyazi, na kuuchanganya na kabergolini bila daktari kujua sioni faida yake. Vitamini B6 wanaiandikia maneno matamu, ila dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu neva, unabaki na ganzi miguuni. Mimi hela hiyo naiweka kwenye kabergolini.

Nayo si maji. Wachache inawaamsha tamaa wasizoweza kuzizuia, manunuzi au kamari, ndiyo maana kila kliniki daktari ananiuliza kama nimeanza kubeti. Mume wangu, mtu wa mikeka kila Jumamosi na hamezi chochote, huwa anaangalia pembeni.

Prolaktini imeshuka, siku zimerudi. Daktari alinionya mapema kwamba yai linaweza kupevuka kabla hata hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo asiyetaka mtoto ajikinge tangu anapoanza dawa, na akishika mimba apige simu haraka aambiwe kama aache kumeza. Hilo la yai mama mkwe sijamwambia. Anavyonitazama tumbo kila Jumapili inatosha.