Mukuba na ngozi yake

Jumapili, usiku. Umeme umerudi sasa hivi. Nimeshinda kwa Baba, pale ambapo ukisimama mlangoni unaiona dohani kuu ya Lubumbashi, nikimweleza ninachosoma miezi hii: kuotesha grafini juu ya mukuba, yaani shaba, kwa plazima, gesi iliyochangamshwa hadi elektroni zake zikang'oka.

Nilianzia kwenye penseli. Grafiti ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Bandua moja tu, lenye unene wa atomu moja, umepata grafini. Mwaka 2004, Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa utepe wa gundi, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini utepe hutoa vipande vidogo mno. Anayetaka utando mpana huuotesha: karatasi ya shaba huwekwa ndani ya tanuru lililonyonywa hewa, methani, gesi yenye kaboni, ikapitishwa, kaboni ikatua.

"Kwa nini mukuba?"

Nilifurahi alivyouliza. Nikeli ikipata moto humeza kaboni, ikipoa huitapika ovyo, hapa tabaka moja, pale matano. Mukuba karibu haumezi kitu. Kaboni hubaki usoni, hushikana, na uso ukishafunikwa kazi husimama karibu yenyewe. Nimekua nikisikia mukuba ukihesabiwa kwa tani na kwa malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Kumbe kuna kazi inayotaka ngozi yake tu!

Njia ya kawaida hutaka nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, nao mukuba huyeyuka kwenye 1,085. Ndiyo sababu ya plazima. Gesi iliyopunguzwa mgandamizo hupigwa mawimbi kama yale ya maikrowevu, elektroni zikang'oka na kuivunja methani kwa kasi yake, bila metali kupata joto lote lile. Mwaka 2015 watafiti wa Caltech, Marekani, walionyesha kuwa hata chini ya nyuzi 420 inawezekana. Tena haidrojeni ya plazima huisafisha kwanza kutu ya shaba, yaani oksijeni iliyoshikana nayo.

Hapo Baba akaninyamazisha kwa mkono. Ujanani mwake kazini, walikuwa wakichovya magogo mabichi ndani ya mukuba ulioyeyuka. Mti ukitokota, gesi zake zinaondoa oksijeni. "Ni kazi ileile, mwanangu." Ni ileile kweli. Na mimi miaka yote nilidhani nimesomea mbali na tanuru lake.

Nikamweleza na ugumu wake: plazima ikizidi ukali, ioni, yaani chembe zake zenye chaji, hutoboa utando. Kisha, mara nyingi, shaba huyeyushwa kwa kemikali ili grafini ibaki peke yake.

Hilo lilimuuma. "Mukuba wote huo unapotea?"

Nikasema karatasi yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Hakuridhika, na nadhani ana haki. Nikamtajia njia nyingine: umeme hupitishwa ndani ya maji yenye chumvi, viputo vya haidrojeni vikainua utando polepole, na mukuba ukabaki kutumika tena.

"Uje Jumapili," akasema, "unichoree hivyo viputo."

Nimeshatafuta karatasi na kalamu.