Komenti niliyomwandikia yule dada muuguzi

Nyumbani wanaijua hii stori nusu tu, ile nusu ya kulazwa. Nusu ya pili sijawahi kumsimulia mtu kwa sababu inahusu maneno niliyoandika mimi mwenyewe, kwa simu yangu, nikiwa na akili zangu timamu, na kila nikiyakumbuka mpaka leo tumbo linanikaza.

Ilikuwa 2019 mwishoni mwa mwezi wa saba. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa Desemba, mimi ndo dada mkubwa, kamati imeshachagua sare na kitenge nimeshachukua, nikaenda kwa fundi wangu Tabata. Akanipima, akarudia kunipima, alafu akasema taratibu kabisa "Mwalimu, yadi sita kwa huu mshono hazitoshi, ongeza kidogo." Alisema kwa heshima sana, sina neno naye, ila kwenye benchi walikuwepo wamama wawili wanasubiri na wote wakaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Nilikuwa na kilo 98. Kabla ya kumzaa wa pili nilikuwa na 71.

Usiku ule ule Instagram ikaniletea ile kurasa ya kupunguza mwili, jina lake sitalitaja. Picha ya kabla na picha ya baada, kocha anasema yeye mwenyewe alikuwa na kilo 112 na sasa ana 64, kilo kumi ndani ya siku 21 bila mazoezi, chai ya asili tupu isiyo na kemikali. Programu ni laki moja na ishirini. Nikatoa kwenye hela niliyokuwa nimeiweka ya mchango wa kamati. Wakati natuma kwa M-Pesa likatokea jina la mwanaume, nikamuuliza kocha akanijibu huyo ni mhasibu wetu mpenzi, nami nikabonyeza namba ya siri.

Mzigo ukaletwa na bodaboda kesho yake. Vipakti 21 vya chai, kila siku kimoja asubuhi na jioni unakirudia, na karatasi ya mlo. Asubuhi maji ya moto na limao, mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, jioni chai tu. Ukizidiwa na njaa kunywa maji. Ugali, wali, ndizi, maharage, vyote vimepigwa mstari mwekundu. Mimi nafundisha darasa la nne, hesabu na sayansi, sayansi yenyewe ina mada ya mlo kamili, nilikuwa naifundisha huku nimefunga tumbo na mtandio.

Sasa nieleze kuhusu grupu, maana bila grupu watu wanaona sisi tulikuwa wajinga tu na haikuwa hivo. Grupu la WhatsApp lilikuwa limejaa, wakati ule mwisho ilikuwa watu 256 na ili aingie mmoja ilibidi atoke mwingine. Saa kumi na moja alfajiri unapanda mzani, unapiga picha namba, unatuma. Ndani ya dakika mbili una makofi arobaini. Kulikuwa na wadada wa Mwanza, wa Arusha, wa Mombasa, mmoja alikuwa anafanya kazi za ndani Muscat na alikuwa anatuma uzito wake akiwa amejifungia bafuni kwa bosi wake. Waliniita mwalimu wetu. Nikichelewa kutuma wananiuliza mwalimu wetu uko wapi leo, umeamkaje. Jamani, kwa jinsi nilivokuwa siku zile, mume yuko safari za malori ya Tunduma, watoto wadogo, shule madaftari yamejaa, hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza nimeamkaje. Nilikuwa nalipenda lile grupu kuliko hata kupungua kwenyewe.

Siku ya nane nikawa nimeshuka kilo tano na nusu. Kocha akaiweka picha yangu kwenye kurasa yake, kaficha uso, watu wakamiminika. Wakati huo nilikuwa naharisha mara tano sita kwa siku, nawaachia watoto zoezi nakimbia msalani, nikiuliza kocha anatuma voisi na sauti yake nzuri ile, "hizo ni sumu zinatoka mpenzi, mwili unajisafisha, ukiona huharishi ndo uogope." Nilikuwa naisikiliza ile voisi mara mbili mbili.

Siku ya kumi na moja au kumi na mbili akaingia dada mmoja mgeni, profaili yake amevaa nguo nyeupe za uuguzi amembeba mtoto. Akasalimia vizuri, akauliza maswali mawili tu. Hii chai ina majani gani ndani yake? Na namba ya usajili iko wapi maana kwenye pakti imeandikwa imethibitishwa na TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, lakini namba hakuna. Kocha akajibu haraka, TFDA imevunjwa sasa hivi inaitwa TMDA, wako kwenye kubadilisha mifumo ndo maana namba haijatoka. Na kweli mwezi huo huo wa saba TFDA ilikuwa imegeuka TMDA na masuala ya vyakula yakahamia shirika la viwango, TBS, kwa hiyo jibu likaingia vizuri kabisa, sisi wengine tuliona yule dada ndo haendi na wakati. Akarudi tena, akasema kama ni dawa ya asili basi ingekuwa imepita Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mngeuliza huko. Alafu akasema mlo huu ni mdogo kuliko wa mtoto wa miaka mitatu na kuharisha siku zote hizo kunaondoa chumvi za mwili, moyo unaweza ukasimama.

Hapo ndo tulipomvamia. Mwenye wivu. Katumwa na washindani. Kwani yeye mwembamba? Kama huna laki na ishirini sema tukuchangie. Kuna aliyechukua picha yake ya profaili, yeye na mtoto wake, akaizungushia duara nyekundu kwenye mashavu yake na kuigeuza stika, ile stika ikazunguka grupu zima. Mimi sikuituma ile stika. Ila niliandika hivi, na nanakili kama ilivyo kwa sababu skrinshoti ninayo:

"Dada wewe ni nesi wa zahanati sio daktari, kazi yako kuchoma sindano na kufunga vidonda, usijifanye unajua miili yetu. Sisi tumeteseka miaka na watu kama nyie mkituona tunapungua roho zinawauma. Ondoka na umasikini wako wa mawazo utuache na safari yetu."

Kwa nini niliandika vile nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu alitamka kitu ambacho na mimi nilikuwa nakisikia usiku nikilala, moyo unadunda kama nimekimbia wakati nimelala, na nilikuwa sitaki kusikia. Watu sitini na zaidi wakaniwekea makofi. Kocha akaikopi komenti yangu akaiweka Instagram, "hii ndo familia yetu, hatuyumbishwi." Yule dada akaandika mara ya mwisho: "Nimeuliza kwa sababu nimeshapoteza mgonjwa kwa kuharisha. Mungu awalinde." Dakika hiyo hiyo akatolewa.

Siku ya kumi na saba, kipindi cha tatu, nilikuwa naandika ubaoni. Chaki ikanidondoka, nikainama kuiokota na miguu haikunyanyuka tena. Nakumbuka sakafu ilikuwa ya baridi na nakumbuka vitoto vimenizunguka vinanipepea na madaftari, kimoja kinalia kinasema mwalimu amekufa, kingine kimeshakimbilia ofisini kwa mwalimu mkuu. Kile kilio bado nakisikia.

Hospitali wakanipima, potasiamu, moja ya zile chumvi za mwili, ilikuwa 2.4 wakati inatakiwa isishuke chini ya 3.5. Wakanibandika nyaya kifuani kuangalia moyo, daktari alikuwa kijana tu, akauliza mama unakunywa dawa gani, nikasema sinywi dawa yoyote nakunywa chai ya asili. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniambia zile kilo za wiki ya kwanza ni maji zaidi ya kitu chochote, mwili unahifadhi sukari pamoja na maji, ukiacha kula sukari ikiisha na maji yanatoka, na huku unaharisha, mafuta yenyewe yaliyotoka ni kidogo sana. Akasema nishukuru ni chai, kuna vidonge na kahawa za kupunguza mwili zimekamatwa nchi nyingi zimefichwa sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya 2010 kwa sababu ya kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwenye pakti imeandikwa mitishamba tupu.

Mama mkubwa alipanda basi kutoka Tanga usiku ule ule. Shikamoo sikuimaliza, akaomba aone hiyo chai. Akachana kipakti kwa meno, akamwaga kiganjani, akanusa, akachukua jani moja akalivunja. "Mwanangu, hii si sanamaki hii? Si ndo tuliyokuwa tukiwanywesha nyie wadogo mkifunga choo? Siku moja tu, tena kidogo. Nani kakwambia unywe wiki tatu?" Sanamaki ambayo Kariakoo kwa wauza dawa za asili fungu lake ulikuwa unalipata kwa hela ya nauli ya daladala. Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu baada ya pale, ameishika ile karatasi ya mlo, hajui kusoma vizuri lakini alikuwa anaiangalia ile mistari myekundu.

Nikiwa kitandani na dripu mkononi niliandika kwenye grupu kila kitu, nikaweka na picha ya majibu. Nilitegemea watashtuka. Wa kwanza akaandika mwalimu ulikuwa na ugonjwa wako hukutuambia. Wa pili, umekula ugali kwa siri ndo umechanganya. Wa tatu akasema kuna watu wakishapungua wanataka wengine wasipungue. Wale wale wa makofi. Dada wa Muscat peke yake akanifuata inboksi, akasema na mimi nywele zinatoka naogopa kusema. Kocha akafunga grupu, adimini peke yake ndo anatuma.

Kilichomwangusha haikuwa mimi. Mwanachama mmoja ana kijana wake yuko chuo, akachukua ile picha ya "baada" akaitafuta kwenye Google, ikatokea kwenye kurasa za nchi chungu nzima, inauza vidonge, inauza mikanda ya tumbo, ni mzungu fulani ameungwa filta. Hapo ndo tukakumbuka hatujawahi kumwona kocha laivu hata siku moja, ni voisi tu. Ikaanzishwa grupu nyingine ya waliotapeliwa na kule nako kukawa vurugu, huyu anataka hela yake, huyu anataka twende polisi, huyu anasema hata kama picha sio yake mimi gauni langu la harusi limenitosha msimseme vibaya. Huyo wa gauni walimtukana sana, mimi sikuweza. Siku mbili baadaye kurasa ikafutika na namba haipatikani.

Stori ikavuja mpaka kwenye kurasa za umbea. Nilisoma komenti zote, mamia, na nyingi zilikuwa za kutucheka. Mnataka kupungua huku mmelala. Acheni chipsi. Hela hizo mngenunua raba mkimbie. Kuhusu mtu aliyeuza sanamaki kwa laki na ishirini, karibu hakuna neno. Hasira yote ilikuwa kwetu, kwa sababu tulikuwa wanene tukaamini. Mimi nasema hiyo ndo inayowalinda hawa watu, kila aliyetapeliwa anaona bora anyamaze kuliko kuchekwa, na aliyenyamaza anamwachia mwenzie aingie.

Baadaye nikasoma habari ya Kimkins, mlo uliouzwa kwenye intaneti kule Marekani. Mama mmoja wa California alijitangaza kapunguza karibu kilo 90, mwaka 2007 mlo wake ukatoka mpaka ukurasa wa mbele wa gazeti la Woman's World, watu maelfu wakalipa. Picha zake za wembamba zikaja kugundulika ni za mwanamke kutoka kwenye tovuti ya Warusi wanaotafuta wachumba. Mlo wenyewe wa kujinyima kupita kiasi, wanachama wakilalamika moyo kwenda mbio na nywele kukatika. Miaka kumi na mbili kabla yetu! Niliamka nikawasha taa, nikasoma mpaka alfajiri.

Lakini aliyenikaa moyoni ni yule muuguzi. Namba yake ilikuwa bado inaonekana kule juu, pale alipotolewa. Ilinichukua wiki tatu. Nikafuta meseji mara sijui ngapi, mwisho nikabonyeza voisi nikaongea dakika nne nikilia, nikamwambia mimi ndo yule mwalimu, nikamsomea ile komenti yangu yote neno kwa neno maana sikutaka adhani nimeisahau, nikamwambia kuhusu ubaoni na watoto na 2.4. Nikamwomba radhi yeye na mwanae kwa ile stika ambayo niliiona na sikusema kitu.

Tiki zikawa za bluu saa ile ile. Hakujibu siku hiyo. Hakujibu kesho yake. Siku ya tatu niko sokoni Buguruni nachagua nyanya, simu ikalia.

"Mwalimu pole sana. Potasiamu umepima tena tangu utoke?"

Nikamwandikia bado.

"Nenda kesho, usisubiri kliniki. Majibu nitumie."