Basineti yangu imekubali, haipasuki tena

Wiki tatu nimepigana na chuma, jana kimesalimu amri. Naandika ili mwenzangu asiharibu mabamba kama mimi.

Nilikuwa nafua basineti, kofia ya vita ya Ulaya ya karne ya 14, ile yenye ncha juu, kutoka bamba moja la milimita 2. Kila nikifika nusu, ukingo unajikunja kama sketi ya marinda, marinda yanalaliana, kisha ufa. Utosini nako kumebaki kwembamba kama kopo la maziwa.

Nilijaribu kugonga baridi: nyufa. Nikazidisha moto: pakatoboka. Nikabadili nyundo, nikaambulia maumivu ya bega.

Kumbe shida ni pale nyundo inapotua. Nilikuwa nagonga palepale bamba linapogusa fuawe. Chuma kinabanwa katikati, kinatanuka, na mimi nataka kisinyae. Sasa naliinamisha bamba juu ya fuawe ya mviringo na kugonga nusu upana wa kidole mbele ya mguso, penye uwazi chini. Sikio ndilo fundi hapa: ukisikia "ting!" kali, umekosea, "dup" nzito, endelea. Nazunguka duara kwa duara kutoka utosini kwenda ukingoni, chuma kikiwa na rangi ya chungwa, na kila rinda nalilaza lingali dogo, kabla halijamlalia jirani.

Raundi ya saba, kuba likatokea. Ukingo sasa ni mnene kuliko bamba nililoanza nalo, na hakuna ufa hata mmoja. Bado ncha.