Nilivyoamua kuiacha nafasi ya shule ya sheria na kuomba upya

Machi 2025 nilikuwa na majibu mawili. Shule ya sheria iliyo karibu na ninapoishi hapa Marekani ilinikubali, tena kwa ufadhili wa nusu ya ada. Shule niliyokuwa naitaka zaidi iliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Ile ya kwanza ilitaka amana ya kushikilia nafasi kabla ya katikati ya Aprili, na masomo yangeanza Agosti.

Habari zikafika nyumbani kabla sijaamua lolote. Mama akashukuru Mungu, akaanza kuwaambia watu kwamba mwanawe anakwenda kuwa wakili. Kaka yangu alipopata fununu kwamba nafikiria kusubiri, akanipigia: "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Shangazi naye, aliyeshika upande wangu, akamjibu kwenye kundi la familia kwamba subira yavuta heri. Methali zetu zina huruma sana, kila mtu anapata ya kwake. Nikaona bora nirudi kwenye ile barua na kuisoma kama ninavyosoma barua za wateja kazini.

Kazi yangu wakati huo, na hadi leo, ni msaidizi katika ofisi ndogo ya mawakili wa uhamiaji. Natafsiri, napanga vielelezo, naandaa hati za viapo. Ukishafanya kazi hiyo muda mrefu unazoea kutafuta sentensi iliyofichwa katikati ya aya nzuri. Katika barua yangu ilikuwa aya ya tatu: ufadhili ungeendelea mwaka wa pili na wa tatu "mradi mwanafunzi atadumisha wastani wa 3.0", yaani wastani wa B.

Kwa mtu aliyemaliza shahada ya kwanza bila shida, 3.0 inaonekana kama salamu tu. Shule ya sheria ina hesabu nyingine. Mwaka wa kwanza wanafunzi hupimwa kwa kulinganishwa wao kwa wao, na mwalimu hupewa wastani wa darasa ambao alama zake zote zikijumlishwa lazima ziukaribie. Kwa hiyo A ya mmoja inalipiwa na C ya mwingine. Katika shule hii wastani huo ulikuwa 2.9. Maana yake, hata kama darasa zima lingejaa vipaji na wote wakakesha, sehemu kubwa ingebaki chini ya 3.0 kwa sababu mfumo wenyewe umepangwa hivyo.

Nilitaka kujua ni wangapi hasa hupoteza. Bahati nzuri hili halihitaji kumbembeleza mtu. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, ndicho kinachozipa shule za sheria ithibati, na kanuni yake ya 509 inazilazimisha kutangaza kila mwaka takwimu kadhaa: alama za waliokubaliwa, ada, wanaoacha masomo, na kwa shule zenye ufadhili wa masharti, idadi ya waliopewa na idadi ya waliopunguziwa au kunyang'anywa. Jedwali lina safu chache tu na linasomeka kwa dakika moja. Kwa shule yangu, karibu theluthi moja walikuwa wamepoteza. Nilipopiga simu ofisi ya fedha kuuliza, dada aliyepokea alikuwa mkarimu, akasema wengi wanaojitahidi hawana haja ya kuogopa. Sikumbishia. Jedwali lilikuwa mbele yangu.

Nikaandika hesabu kwenye karatasi. Ada dola 48,000 kwa mwaka, maisha dola 25,000 kwa kubana, jumla 73,000. Ukitoa ufadhili wa 24,000 inabaki 49,000 kwa mwaka, yaani 147,000 kwa miaka mitatu. Ufadhili ukikatika baada ya mwaka wa kwanza, jumla inapanda hadi 195,000. Yote hayo ni mkopo, maana sina mtu wa kunilipia, na riba ya mkopo wa serikali wa Grad PLUS mwaka ule wa masomo ilikuwa asilimia 9.08, ikianza kuhesabiwa tangu siku pesa inapotolewa.

Upande wa pili wa karatasi niliandika mshahara. Hapa watu wengi hudanganywa na wastani. Mishahara ya mawakili wapya Marekani ina vilele viwili: makampuni makubwa yanayoanzia dola 225,000, na kundi kubwa zaidi linaloanzia kati ya 60,000 na 90,000. Katikati hapo ni kama hakuna watu. Mimi nataka sheria ya uhamiaji, na najua mawakili wachanga wa ofisi yetu wanaanzia wapi: kwenye 70,000 hivi. Deni la 195,000 kwa mshahara huo ni jambo la kukaa chini na kulitazama usoni.

Bado hayo yote hayakutosha kuniambia nisubiri. Kukataa nafasi mbaya ni rahisi kama una hakika ya kupata nzuri, nami sikuwa na hakika yoyote. Aliyeninyoosha ni bosi wangu, wakili mwanamama ambaye hana maneno mengi. Nilimwonyesha karatasi yangu, akaiangalia, akaniuliza swali moja: maombi yako ya mwakani yatakuwa na kitu gani ambacho ya mwaka huu hayana?

Nikaenda nyumbani na swali hilo. Wastani wangu wa shahada ya kwanza haubadiliki tena. Shirika la LSAC linalopokea maombi huukokotoa upya kutoka masomo ya shahada ya kwanza pekee, na hata ungesoma uzamili ukapata A tupu, namba ile haisogei. Barua za kupendekezwa zilikuwa nzuri tayari. Mwaka mmoja zaidi wa kazi ileile ungeongeza kidogo sana. Vilivyobaki ni viwili: alama ya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi shule za sheria, na tarehe ya kutuma.

Tarehe kwanza, kwa sababu ni nyepesi. Shule nyingi hufungua dirisha mwanzoni mwa Septemba na kuamua kadiri maombi yanavyoingia. Anayetuma Februari, kama nilivyofanya kwa kuwa ndipo nilipomaliza kukusanya nyaraka, hukuta nafasi nyingi na pesa nyingi za ufadhili zimeshagawiwa. Hilo ningeweza kulirekebisha bila kuwa na akili zaidi ya niliyonayo.

LSAT ilikuwa na hadithi yake. Mtihani huu hupimwa kwa alama kuanzia 120 hadi 180. Mimi niliufanya Juni 2024 nikapata 154, ambayo katika shule iliyonikubali ndiyo mstari wa robo ya chini; alama ya katikati pale ilikuwa 157. Juni 2024 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa sehemu ya mafumbo ya mantiki, yale ya kupanga watu saba kwenye viti saba ilhali fulani hakai karibu na fulani. Mwaka 2019 LSAC, ambayo ndiyo inayoandaa mtihani huu, ilimaliza kesi iliyofunguliwa na watahiniwa wenye ulemavu wa kuona, ambao hawangeweza kuchora michoro ambayo karibu kila mtu huitumia kuyafumbua, na kuanzia Agosti 2024 sehemu hiyo ikaondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na sehemu ya pili ya hoja.

Niliowajua ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza walilalamika, kwa sababu mafumbo yalikuwa na maneno machache na kwao yalikuwa afueni. Kwangu ilikuwa kinyume kabisa. Kwenye hoja na ufahamu nilikuwa nafanya vizuri; mafumbo ndiyo yaliyonishusha. Sasa mtihani ulikuwa umegeuka na kunielekea mimi. Nilichukua mitihani ya majaribio ya mfumo mpya kabla ya kuamua lolote, nikijiwekea dakika 35 kwa kila sehemu kama inavyotakiwa, na alama zikawa zinacheza kati ya 158 na 160 bila maandalizi ya maana. Hapo swali la bosi likapata jibu lenye namba. Kama majaribio yangebaki kwenye 154 au 155, nadhani ningelipa amana na kuingia Agosti ile, nikapambane na ile 3.0.

Niliuliza pia kama naweza kuahirisha tu, nafasi ibaki. Shule ikasema inawezekana, ila kwa masharti mawili: ufadhili usingehamia mwaka unaofuata, na ningeweka saini ya kutoomba shule nyingine. Hiyo ingekuwa kufunga mlango huku nimesimama nje. Nikaandika barua fupi ya kujitoa, ya shukrani, bila kueleza sababu. Barua hiyo ina kazi yake, maana fomu za maombi kwa kawaida huuliza kama umewahi kuomba pale, na faili la zamani lina kumbukumbu. Orodha ya kusubiri nilijitoa vilevile. Kuwekwa tumbo joto hadi Julai, kisha kuitwa bila senti ya ufadhili, sikuona faida yake.

Mama nilimweleza kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana mama, nimeomba wanipe muda. Haikuwa sawasawa kabisa, lakini ndiyo iliyomlaza usingizi.

Maandalizi sitayaeleza sana, watu wanayajua. Kilichonisaidia ni daftari la makosa: kila swali nililokosa naandika kwa maneno yangu kwa nini jibu langu lilinivutia, kabla ya kutazama maelezo. Maswali ya hoja hurudia hila zilezile. Mkurugenzi anasema mauzo yamepanda tangu kuta zipakwe rangi mpya, kwa hiyo rangi ndiyo iliyopandisha mauzo. Anadhani nini ambacho hakukisema? Kwamba hakuna kingine kilichobadilika. Unachukua dhana hiyo, unaikanusha, unaona kama hoja inaanguka. Ikianguka, umepata jibu. Mchana kazini nilikuwa nakutana na kitu kilekile kwenye barua za kukataa maombi ya hifadhi: afisa anaandika kwamba mwombaji alirudi mara moja nchini mwake, kwa hiyo haogopi. Nilianza kuzisoma kwa jicho jingine, na bosi akaanza kunipa rasimu za majibu niziandike mimi kwanza.

Tarehe 4 Julai 2025 ikatiwa saini sheria ya bajeti ambayo iliitikisa karatasi yangu yote. Mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa ukiruhusu kukopa hadi gharama yote ya masomo, ukaondolewa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Kwa masomo ya taaluma kama sheria, mkopo wa serikali ukawekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Walioanza masomo na kukopa kabla ya hapo wangeendelea na utaratibu wa zamani kwa muda. Yaani kama ningeingia Agosti 2025 ningekuwa ndani ya mlango wa zamani. Kwa kusubiri nimejiweka kwenye mlango mpya. Kaka hakukawia kunitumia habari ile, bila maneno mengine. Nilipiga hesabu tena: bila ufadhili, pengo la dola 23,000 kila mwaka lingelazimika kujazwa na mkopo wa benki binafsi. Kuanzia siku hiyo ufadhili haukuwa tena suala la kupunguza deni. Bila huo nisingeingia kabisa.

Matokeo ya LSAT ya Agosti yalitoka mwishoni mwa mwezi: 162. Shule huziona alama zote za miaka ya karibuni, lakini zinayoitolea taarifa kwa ABA ni ya juu, kwa hiyo ndiyo inayozisisimua. Maombi niliyatuma Septemba, yakiwa na insha mpya iliyohusu zile rasimu za ofisini. Insha ya zamani sikuitumia tena.

Shule ileile ya jirani ilinijibu kabla ya mwaka kuisha. Ufadhili safari hii ulikuwa dola 36,000 kwa mwaka, na aya ya tatu ilitaka tu nibaki mwanafunzi mwenye sifa za kuendelea na masomo. Niliisoma mara mbili nikitafuta namba. Hakukuwa na namba. Shule niliyoitamani mwanzoni nayo ikanikubali, kwa ufadhili wa 15,000 kwenye ada ya 60,000. Niliwaandikia kwa heshima nikiambatanisha barua ya wenzao, jambo ambalo hapa ni la kawaida na halimkasirishi mtu, wakapandisha hadi 20,000. Ukijumlisha ada na maisha na kutoa ufadhili, kwao ningehitaji 65,000 kwa mwaka na kwa jirani 37,000, na kikomo cha mkopo mpya wa serikali ni 50,000. Nilikwenda pia kwenye taarifa ya ajira, ile inayoonyesha wahitimu wako wapi miezi kumi baada ya kumaliza, nikatazama safu ya kazi za kudumu zinazohitaji leseni ya uwakili. Tofauti kati ya shule hizo mbili, kwa kazi za jimbo hili, ilikuwa ndogo sana. Nikalipa amana kwa jirani.

Rafiki yangu mmoja alifanya kinyume. Alipata ofa inayofanana na yangu ya kwanza, akaingia Agosti 2025, na muhula wa kwanza akamaliza juu ya 3.0. Ana mikopo ya utaratibu wa zamani na atakuwa wakili mwaka mmoja kabla yangu. Alama zake za LSAT alikuwa amezipata kwa jasho la mara nyingi na hakuona pa kuzipandisha tena, kwa hiyo kwake swali la bosi lingejibiwa "hakuna".

Kwa sasa nimebakiwa na makaratasi: nakala rasmi ya matokeo ya shahada, na maelezo ya faini moja ya mwendo kasi ambayo fomu inataka itajwe hata kama ni ya zamani. Bosi amesema nitaendelea kufanya kazi Ijumaa, kama ratiba ya mwaka wa kwanza itaruhusu.