Kwa kombi kutoka Ngwenya hadi Nhlangano: mikoa na tinkhundla za Eswatini

Nikivuka mpaka wa Ngwenya kutokea Afrika Kusini niko tayari mkoa wa Hhohho. Randi sibadilishi, inakwenda sawa kwa sawa na lilangeni, fedha ya hapa. Kombi, yaani basi dogo la abiria, hadi Mbabane, mji mkuu, kisha nyingine ya Manzini, kama kilomita 40.

Mikoa ni minne: Hhohho, Manzini, Lubombo na Shiselweni, kila mmoja na msimamizi aliyeteuliwa na mfalme. Lakini ukiuliza shida ya maji inapelekwa wapi, watu hawakutajii mkoa, wanakutajia inkhundla (wingi tinkhundla), jimbo dogo la utawala na uchaguzi ndani ya mkoa. Tinkhundla zilikuwa 55, zikafanywa 59 kwa uchaguzi wa 2018. Kila inkhundla hukusanya maeneo kadhaa ya machifu, yaitwayo imiphakatsi, na kila eneo hutoa mjumbe wa bucopho, kamati ya maendeleo inayoongozwa na indvuna, mkuu wa inkhundla. Kura nazo hufuata ngazi hizo: mchujo kwenye eneo la chifu, kisha inkhundla nzima inachagua mbunge mmoja. Mgombea husimama kwa jina lake, si kwa chama.

Kombi ikimaliza mteremko wa Malagwane tunaingia Ezulwini, mji wenye baraza lake: kiwanja kina hati na mwenye nyumba analipa kodi ya majengo. Dakika chache mbele, Lobamba, lilipo Bunge, ni ardhi ya taifa, iliyo mikononi mwa mfalme kwa niaba ya Waswazi. Lami ileile, sheria nyingine. Kwenye ardhi ya taifa hununui. Unaomba kwa chifu na baraza lake dogo, bandlancane. Utaratibu huo ndio kukhonta, na ukikubaliwa unatoa ng'ombe. Hati hupati, kwa hiyo benki haikukopeshi kwa kiwanja hicho.

Balaa huanzia pembezoni mwa miji. Mtu anapewa kiwanja kienyeji, anajenga, kisha inabainika ni shamba la mtu lenye hati, na tingatinga linafika. Au machifu wawili wanagombea mpaka, na barua ya mmoja haitambuliwi na mwingine. Kabla ya kutoa chochote, mwenyeji wa hapa atakwambia upekue kwa msajili wa hati Mbabane; neno la chifu peke yake si ushahidi wa kutosha.

Matsapha, mji wa viwanda, nao una baraza lake, ingawa Manzini iko jirani kabisa. Kituo cha Manzini ndicho kiungo: kombi za Siteki, makao ya Lubombo, na za Nhlangano, makao ya Shiselweni, zote zinaondokea hapo.